Lango la Kanisa na Mgeni Anayewindwa



Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Kwa miaka mingi sisi mawakili tunaowatetea waombaji hifadhi jijini Nairobi tumekuwa tukiusitiri uchi wa nyumba yetu wenyewe, yaani kanisa, tukidhani kwamba kwa kunyamaza tunalilinda. Serikali tumeikosoa mahakamani bila woga. Kanisa tumelionea haya. Leo tumeamua kusema. Hatusemi kwa kuwa tumeiacha imani, bali kwa kuwa imani yetu kwa wale wanaolisimamia kanisa imepungua, na hatuoni njia ya kuirejesha isipokuwa kuyaweka mambo wazi mbele ya wenye nyumba, ambao ni ninyi.

Tuanze na kisa chenyewe. Ijumaa moja alasiri alifika ofisini petu mama mmoja kutoka Kivu, nchini Kongo, akiwa na watoto watatu. Alikuwa ameandikishwa kama mwombaji hifadhi na hati yake alikuwa nayo mkobani, imekunjwa ndani ya karatasi ya plastiki. Mara mbili juma hilo, wanaume waliovalia kiraia, wakiwa na gari lisilo na nambari za usajili, walikuwa wamefika kwenye ploti anakoishi wakamwulizia kwa jina. Hawakusema wametoka wapi. Hawakuwa na hati yoyote ya mahakama. Mwenye nyumba, kwa hofu, alimwambia mama huyo atafute pengine pa kulala.

Tuliandaa ombi la dharura pamoja na hati ya kiapo, lakini saa zilikuwa zimekwisha kwenda na hakimu wa kulisikiliza asingepatikana kabla ya Jumatatu. Tulihitaji mambo mawili tu. La kwanza lilikuwa mahali pa kulala watu wanne kwa usiku tatu. La pili lilikuwa barua fupi kutoka kwa kanisa alilokuwa akisali, kuthibitisha kwamba mama huyu anafahamika na amekuwa akiishi hapa kwa utulivu. Na kanisa hilo tulilijua vyema, maana ni letu pia. Watoto wetu wamebatizwa humo. Hati za shamba la kanisa hilo ni sisi tuliozishughulikia, wala hatukudai malipo.

Wazee wa kanisa waliitwa wakaketi. Walitusikiliza kwa adabu kwa muda wa saa nzima. Kisha mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akatueleza kwamba Jumapili hiyo kungekuwa na harambee ya kuezeka paa, kwamba mgeni wa heshima alikuwa mtu mkubwa serikalini, na kwamba maafisa wa usalama wangekuja kukagua ua wote siku ya Jumamosi. Haingefaa, alisema, wakute humo watu wa aina hiyo. Kuhusu barua, tuliambiwa kwamba kanisa haliingilii mambo ya usalama wa taifa, na zaidi ya hayo, kamati haikuwa na hakika kama inamfahamu mama huyo.

Hapo ndipo mama huyo aliponyanyua mkono kama mwanafunzi darasani. Aliomba daftari la Chama cha Akina Mama liletwe. Lililetwa. Jina lake lilikuwamo, kwa mwandiko wa mweka hazina aliyekuwa ameketi mezani pale pale, na mbele ya jina hilo michango ya shilingi hamsini hamsini kwa muda wa miaka miwili, bila Jumapili iliyorukwa. Mweka hazina aliutazama ukurasa, akaufunga, akasema kwamba daftari hilo ni la fedha, si la kutambulisha watu.

Tulipotoka nje mama huyo alitugeukia na kutuuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Kwetu, siku ya vita, tunakimbiliaka kanisani. Ninyi huku munakimbiliaka wapi, baba wakili?" Hatukuwa na jibu. Bawabu wa kanisa, aliyekuwa akitufungulia lango, ndiye aliyejibu. Alisema yeye ana chumba kimoja cha mabati, mkewe ameenda mashambani, naye analinda usiku; basi kitanda ni bure. Hivyo ndivyo watu hao wanne walivyolala salama usiku tatu. Jumatatu Mahakama Kuu ilitoa agizo la muda kwamba asiondolewe nchini mpaka ombi lake lisikilizwe. Kesi ingali inaendelea.

Pana jambo jingine tunalopaswa kukiri. Jumapili ile sisi wenyewe tulikuwa kanisani. Tuliketi safu ya tatu. Mgeni wa heshima alipotaja kiasi alichokuja nacho, kanisa lilishangilia, nasi tulipiga makofi. Hatukusimama kuuliza neno. Kwa hiyo msidhani tunanyoosha kidole kutoka mahali pasafi.

Kwa nini jambo hili lituume kiasi hiki? Kwa sababu tunaijua historia. Tulikuwa watoto wakati wazee wetu walipopigania mfumo wa vyama vingi, lakini tumelelewa na simulizi zake. Siku ya kwanza ya mwaka 1990 Mchungaji Timothy Njoya alitoa mahubiri ya kuhoji utawala wa chama kimoja, wakati ambapo wanasiasa wengi walikuwa wamefyata ulimi. Askofu Henry Okullu na Askofu David Gitari walisema bila kupepesa macho. Askofu Alexander Muge alifariki katika ajali ya barabarani mnamo Agosti 14, 1990, siku chache baada ya kutishwa hadharani na waziri mmoja, na hadi leo Wakenya hawajaacha kuuliza juu ya kifo hicho. Machi 1992 maaskofu wa Kikatoliki walitoa waraka wa kichungaji uliowaeleza watawala mambo ambayo hakuna gazeti la chama lingethubutu kuyachapisha.

Lakini zaidi ya mahubiri na nyaraka, kanisa lilifungua lango. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walianza mgomo wa kula katika Bustani ya Uhuru. Machi 3 polisi waliwavamia kwa rungu na vitoa machozi. Akina mama hao walikimbilia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote lililo karibu, nao wakapokewa. Hawakukaa humo usiku tatu. Walikaa hadi mwanzoni mwa mwaka 1993, wakilala chini ya sakafu ya kanisa, wana wao wakaanza kuachiliwa mmoja baada ya mwingine. Hatujasikia kwamba wakati huo palikosekana paa la kuezeka, au kwamba hapakuwapo mgeni wa heshima wa kuogopwa. Walipokewa kwanza, hesabu zilifanywa baadaye. Na Julai 7, 1997, polisi walipowafuata wapenda mageuzi hadi ndani ya kanisa hilo hilo na kumpiga Njoya, taifa zima lilielewa kwamba serikali imevuka mpaka, kwa sababu kanisa lenyewe lilikuwa limeuchora mpaka huo na kuusimamia.

Tusisahau pia kwamba Wakenya wenyewe walipata kuwa wakimbizi. Julai 1990 wakili Gibson Kamau Kuria alilazimika kujificha katika ubalozi wa Marekani kabla ya kuondoka nchini. Koigi wa Wamwere alipewa hifadhi Norway. Ngũgĩ wa Thiong'o alianza maisha ya uhamishoni mwaka 1982, naye alifariki ugenini mwaka 2025. Kila mmoja wa hao, na wengi wasiojulikana majina, alilazimika kueleza habari zake mbele ya mtu wa nchi ya kigeni na kungoja aaminiwe. Mama wa Kivu mwenye hati yake ndani ya plastiki amesimama mahali pale pale waliposimama mashujaa wetu.

Wapo watakaotuambia: hayo yalikuwa ya zamani, sasa tuna Katiba mpya na sheria njema. Ni kweli kwamba sheria tunazo. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao kifungu chake cha 33 kinakataza mkimbizi kurudishwa mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini. Tunao Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, unaosema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na ubinadamu, lisilopaswa kuchukuliwa na nchi nyingine kuwa ni uadui. Katiba ya mwaka 2010 imeifanya mikataba tuliyoiridhia kuwa sehemu ya sheria zetu, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imerudia kanuni hizo. Mahakama nazo zimefanya kazi yake. Julai 2013 Mahakama Kuu ilizuia mpango wa kuwahamisha kwa nguvu wakimbizi wa mijini hadi kambini. Februari 9, 2017, ilibatilisha amri ya kuifunga kambi ya Dadaab.

Lakini sheria haiamki usiku. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, na mamia wakarudishwa Somalia, ingawa hukumu ya mwaka 2013 ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja. Oktoba 18, 2024, watu saba walitekwa jijini Nairobi, na siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikakiri kwamba raia wanne wa Uturuki waliokuwa wamepewa hifadhi hapa wamerudishwa kwao kwa ombi la serikali ya nchi hiyo. Mwezi uliofuata, Novemba 16, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, Kizza Besigye, alitekwa jijini humu humu, na alipoonekana tena alikuwa mbele ya mahakama ya kijeshi jijini Kampala. Wakili anayepigiwa simu saa nane za usiku hawezi kuufungua mlango wa mahakama. Anayeweza kufungua mlango saa hizo ni jirani, na jirani mkubwa kuliko wote katika kila mtaa wa nchi hii ni kanisa.

Kwa haki tuseme kwamba makanisa hayajakaa bure. Shirika la Walutheri limehudumu Kakuma kwa miaka mingi, na Wajesuiti wana shirika lao la kuwahudumia wakimbizi. Kenya imewahifadhi wakimbizi zaidi ya 800,000, wengi wao wakiwa Dadaab na Kakuma, na bila mikono ya waumini mzigo huo usingebebeka. Lakini kuna tofauti kati ya huduma inayofanywa na shirika huko mbali kambini, na lango la parokia linalobishwa usiku. Huduma ya kwanza ina ofisi, bajeti na wafadhili. Ya pili haina kitu ila ujasiri, nao ndio uliokosekana siku ile mbele ya macho yetu.

Wazee wetu walitupa hoja tatu, nazo tunazisikia katika makanisa mengi. Inafaa kuzijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba Maandiko yanamwagiza muumini aitii mamlaka. Tunakubali. Lakini mamlaka iliyo juu ya kila afisa katika nchi hii ni Katiba, nayo inaagiza kwamba mtu akikamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Mwenye hati ya mwombaji hifadhi yumo nchini kwa mujibu wa sheria, na anayempa mkeka hamfichi mhalifu. Gari lisilo na nambari si mamlaka. Kumkabidhi mtu kwa gari la namna hiyo ni kuwasaidia wanaoivunja sheria.

Hoja ya pili ni kwamba miongoni mwa wakimbizi wamo waovu. Hilo nalo ni kweli, na sisi tunaosoma mafaili tunalijua kuliko wazee. Lakini sheria imekwisha kulitazama. Mkataba wa mwaka 1951 unawanyima hifadhi waliotenda uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Anayeamua ni chombo cha sheria baada ya kusikiliza pande zote. Torati yenyewe iliweka utaratibu huo. Katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 35, Waisraeli waliagizwa kutenga miji sita ya makimbilio, kwa ajili yao na kwa ajili ya mgeni pia, ili anayefuatiwa asiuawe kabla ya kusimama mbele ya mkutano na kuhukumiwa. Mji wa makimbilio haukumtangaza aliyekimbilia humo kuwa hana hatia. Ulihakikisha kwamba atasikilizwa.

Na tukizungumza juu ya waovu, tukumbuke kwamba si wote waliotoka nje ya kanisa. Aprili 1994 nchini Rwanda, watu walikimbilia makanisani kama walivyozoea, huko Ntarama, Nyarubuye na Nyange. Huko Nyange kanisa lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu waliokuwamo. Paroko wake, Athanase Seromba, aliendelea na upadri nchini Italia kwa jina jingine, hadi alipofikishwa mbele ya mahakama ya kimataifa mjini Arusha, akahukumiwa mwaka 2006, na mwaka 2008 rufaa ikamwongezea adhabu kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2017 Papa Francis aliomba msamaha kwa dhambi za kanisa katika mauaji hayo. Hatusemi kwamba wazee wetu ni Seromba. Hiyo ingekuwa dhuluma. Tunasema kwamba kanisa huanza kuharibika siku linapoanza kuuliza, kabla ya kufungua, ni nani aliye mkubwa atakayechukia likifungua.

Hoja ya tatu haikutamkwa, lakini ilikuwa mezani kuliko zote: fedha. Mwaka 2021 Kanisa la Anglikana, chini ya Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit, liliwapiga marufuku wanasiasa kuhutubia katika ibada zake. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha fedha alizotoa Rais katika parokia ya Soweto. Tulifurahi sana kusikia hayo, maana mchango wa mwanasiasa haukomi siku ya harambee. Unarudi Ijumaa alasiri na kuketi pamoja na wazee, nao hawawezi tena kuamua kana kwamba haupo. Paa la kanisa letu limekamilika. Kila tunapoinua macho wakati wa maombi tunajua limegharimu nini.

Basi tunaomba nini? Hatuombi kanisa livunje sheria, wala lichukue nafasi ya mahakama. Tunaomba mambo manne. Mosi, kila parokia iwe tayari kuandika barua ya kweli juu ya kila muumini wake, Mkenya au mgeni. Kusema "tunamfahamu" kuhusu mtu unayemfahamu si siasa, ni kutoshuhudia uongo. Pili, kila kanisa litenge chumba kimoja ambamo mtu aliye na hofu ya kutekwa anaweza kungoja mpaka mahakama ifunguliwe. Tatu, michango yote ya wanasiasa isomwe hadharani, na ile inayofungamanishwa na ukimya irudishwe. Nne, maaskofu waliokemea kutekwa kwa vijana wetu tangu Juni 2024 wakemee kwa sauti hiyo hiyo kutekwa kwa mgeni. Mateka wa leo ni Mturuki au Mkongo, lakini gari lililomchukua ndilo linalomchukua kijana wa Kitengela.

Nasi mawakili tusijitoe. Wengi wetu hatuna nafasi ya mwombaji hifadhi kwa kuwa hana cha kulipa. Ofisi yetu imeahidi kwamba hakuna mwaka utakaopita bila kila wakili wetu kubeba angalau faili moja la mtu wa namna hiyo bila malipo, na tunawaalika wenzetu waige.

Wengine wametuuliza kwa nini hatujahama tukatafuta kanisa jingine. Tumelifikiria. Lakini bawabu yule angali langoni, na mama wa Kivu angali anahudhuria Chama cha Akina Mama na kutoa shilingi hamsini zake. Ikiwa yeye hajahama, hatuoni uhalali wetu wa kuhama. Tumeomba suala la barua yake liwekwe katika ajenda ya mkutano mkuu wa waumini, na safari hii tutasimama na kusema.

Nanyi mnaosoma ukurasa huu, msingoje kisa kama chetu. Jumapili ijayo, baada ya ibada, waulizeni wazee wenu wazi wazi: mtu anayewindwa akibisha hapa usiku wa leo, ufunguo uko kwa nani? Na jibu lao liandikeni katika kumbukumbu za mkutano.